Kuzunguka Bogotá kwa usalama wakati wa maonyesho ya kahawa

Swali, kutoka Moshi

Ndugu zangu, salaam. Chama chetu cha ushirika kimenichagua kwenda Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, mwezi wa Oktoba, kuhudhuria maonyesho ya kahawa katika kumbi za Corferias. Nimefurahi sana, kwa sababu Shirika la Kimataifa la Kahawa huiweka arabika yetu na ya Kenya katika kundi moja na ya Kolombia, na kwa muda mrefu nimetamani kuona jinsi wenzetu wanavyoonja kahawa yao, wanavyoipanga kwa madaraja na wanavyojadiliana bei na wanunuzi.

Nitakwenda peke yangu, na Kihispania changu hakizidi salamu. Tangu habari ienee, kila ninayekutana naye ananitajia vibaka, utekaji na unga wa kulevya, na wengine wameniambia nifunge mlango wa hoteli na nisitoke isipokuwa kwenda ukumbini. Sitaki kuvuka bahari nikaishia kuutazama mji dirishani, wala sitaki ujasiri usio na akili. Naomba wanaoujua mji ule waniambie nitatokaje uwanja wa ndege, kama teksi za barabarani zinafaa, kama yale mabasi yao yanayofanana na mwendokasi wetu yanapandika na mgeni, na ni wapi panafaa kutembea kwa miguu siku nitakayokuwa sina kikao. Mimi ni mwanamke, na ningependa kusikia pia kutoka kwa akina dada waliowahi kuishi huko.

Jibu la kwanza, kutoka kwa mtu wa Mombasa anayeishi Bogotá

Dada, hongera na karibu. Nimeishi hapa miaka mingi, na shughuli zangu ziko Teusaquillo, jirani na Corferias, kwa hiyo utanivumilia nikijibu kwa urefu.

Usianze kwa kutafuta orodha ya mitaa salama na mitaa ya hatari ukidhani ukiikariri umemaliza kazi. Mitaa inatofautiana, ndiyo, lakini hapa saa ina uzito kuliko mtaa. La Candelaria, mtaa wa kale wenye uwanja wa Plaza de Bolívar na makumbusho ya Museo del Oro na Museo Botero, saa nne asubuhi umejaa wanafunzi, wageni na askari. Saa mbili usiku, maduka yakishafungwa, vichochoro vilevile huwa vitupu, na wenyeji wenyewe huchagua kupita ndani ya gari. Jua linatua karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima kama kwetu, maana mji hauko mbali na ikweta, kwa hiyo ukiondoka La Candelaria saa kumi na moja utakuwa umejitendea haki. Na hata mchana usipande vichochoro vya juu kuelekea mlimani, upande wa mtaa wa Egipto, isipokuwa uwe na mwenyeji anayejulikana kule.

Jambo la pili lenye uzito ni zile dakika chache kati ya mlango na mlango. Mtu aliye ndani ya ukumbi, au ndani ya gari aliloliita kwa utaratibu, kwa kawaida hapati tatizo. Tatizo humkuta aliyesimama ukingoni mwa barabara akitazama ramani kwenye simu, kwa sababu pikipiki yenye watu wawili hupita karibu na yule wa nyuma akaikwapua. Au humkuta anayetangatanga akitafuta namba ya jengo. Simu itazamwe ukiwa ndani ya mlango, njia ujue kabla hujatoka, na ukilazimika kuangalia tena, ingia dukani.

Namba za barabara zitakusaidia sana ukizielewa. Milima iko mashariki, na ukiiona hutapotea. Barabara ziitwazo *carrera* zinakwenda sambamba na milima, kaskazini na kusini, na namba zake huongezeka kadiri unavyoiacha milima kwenda magharibi. Ziitwazo *calle* huzikata zile, na kuanzia katikati ya mji namba zake huongezeka kwenda kaskazini. Corferias ipo Carrera 37 namba 24-67, maana yake uko kwenye Carrera 37, umepita makutano ya Calle 24, kiasi cha mita 67 mbele. Kuna jambo moja la kuangalia: barabara za kusini huhesabiwa upya na kuongezewa neno *Sur*, hivyo Calle 26 na Calle 26 Sur ni sehemu mbili zilizo mbali kabisa. Mgeni anayemsomea dereva anwani bila hilo neno, au akaliongeza pasipo kuhitajika, anaweza kujikuta upande mwingine wa mji.

Uwanja wa ndege wa El Dorado uko magharibi, na barabara inayotoka hapo kwenda katikati ya mji, Avenida El Dorado ambayo pia ndiyo Calle 26, inapita karibu na Corferias, safari ya kama kilomita 10. Ukitoka na mizigo utakutana na watu wanaokuitia teksi. Usiwafuate, hata wakivaa vitambulisho shingoni. Nenda kwenye foleni rasmi ya teksi za manjano nje ya ukumbi wa kuwasili. Ndani ya teksi halali kuna kadi yenye picha ya dereva na jedwali la nauli, na safari ya uwanja wa ndege, ya usiku na ya siku za mapumziko huwa na nyongeza halali, kwa hiyo usidhani umeibiwa ukiona imeongezwa. Ndege yako ikitua usiku sana, ni afadhali hoteli ikutumie gari, na uombe jina la dereva na namba ya gari kabla hujaondoka nyumbani.

Teksi ya kusimamisha kwa mkono barabarani, hasa usiku na hasa nje ya baa na mikahawa, mimi naikataza kabisa. Kuna uhalifu ambao wenyeji wanauita *paseo millonario*: abiria anapanda peke yake, mbele kidogo gari linapunguza mwendo, washirika wa dereva wanaingia pande zote mbili, kisha mtu anazungushwa kwenye mashine za kutolea pesa mpaka kadi iishe, na wakati mwingine wanamshikilia mpaka usiku wa manane upite ili kiwango cha siku mpya kifunguke. Juni 2013 ofisa wa Marekani wa kupambana na dawa za kulevya aliuawa mjini hapa katika tukio la namna hiyo. Madereva wengi ni watu waungwana wanaotafuta riziki, lakini wewe ukiwa ukingoni mwa barabara huna njia ya kuwatofautisha. Waombe mapokezi wa hoteli wakuitie teksi, au tumia programu ya simu kama Uber, DiDi au Cabify, ulinganishe namba ya gari kabla hujafungua mlango, na umtumie mtu safari yako aifuatilie. Usishangae dereva wa programu akikuomba ukae mbele: sheria haijawaweka sawa na wenye teksi, na hataki aonekane amebeba abiria wa kulipa. Ukipenda kukaa nyuma una haki ya kukataa na kuita mwingine.

Kuhusu mabasi ya TransMilenio, mimi ningekushauri uyaache.

Jibu la pili, kutoka kwa Mtanzania aliyesoma Bogotá

Nakubaliana na ndugu wa Mombasa karibu kwa kila jambo, ila hilo la mwisho nitalipinga kwa heshima.

TransMilenio ilianza Desemba 2000, na ni miongoni mwa mifano iliyofuatwa Dar es Salaam ilipojenga mwendokasi, kwa hiyo aliyewahi kupanda kutoka Kimara kwenda Kivukoni hatahitaji kufundishwa: njia ya peke yake katikati ya barabara, kituo kilichoinuliwa, kadi ya kugusisha langoni. Kadi yao inaitwa TuLlave, nayo huuzwa na kuongezwa pesa vituoni. Kila eneo lina herufi, na herufi ya basi inakueleza linakokwenda. K ni Calle 26, yaani upande wa Corferias, na J ni katikati ya mji, kwenye vituo vya Museo del Oro na Las Aguas. Corferias ina kituo chenye jina lake. Mtu anayekaa karibu na maonyesho na anayetaka kwenda Museo del Oro asubuhi ya saa nne hana sababu ya kukaa kwenye foleni ya magari wakati mabasi mekundu yanapita katikati ya barabara bila kusimamishwa na foleni hiyo.

Kinachoharibu jina la mabasi haya ni msongamano. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi saa mbili usiku, watu wanabanana kiasi kwamba mkono wa mwizi hauwezi kutofautishwa na mkono wa jirani yako. Wezi hupenda kusimama mlangoni, kwa sababu wanachukua simu mlango unapokaribia kufungwa na kushuka nayo huku wewe ukibaki ndani. Panda saa za katikati ya mchana, ingia mpaka ndani badala ya kung'ang'ania mlango, na mkoba uwe mbele ya tumbo, mkono juu yake. Saa za msongamano fuata ushauri wa ndugu, ita gari. Vilevile usibadilishe mabasi kwenye Avenida Caracas kama unaweza kuliepuka, kwa kuwa njia ya kwanza ya metro inajengwa juu ya barabara hiyo, vituo vinahamishwa na kufungwa, na mgeni anaweza kushushwa mahali ambapo ramani yake haipatambui.

Mabasi ya bluu yanayopita barabara za kawaida ni halali, lakini bila Kihispania yatakuchosha.

Kama ratiba yako inakuruhusu, bakisha Jumapili. Tangu 1974 mji huu unafunga barabara zake kubwa kwa magari kila Jumapili na sikukuu na kuzikabidhi kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Siku hizi ni zaidi ya kilomita 120, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Wanaiita Ciclovía. Familia nzima zinakuwa barabarani, kuna wahudumu wa zamu kwenye makutano na wauza matunda, na Carrera Séptima, ambayo siku ya kazi ni kelele na moshi, inakuwa mahali pa kutembea kwa raha kutoka katikati ya mji kuelekea kaskazini. Nimeishi katika miji kadhaa na sijaona utaratibu ninaoutamania miji yetu kama huu. Ukichoka, ita gari likupeleke mtaa wa Usaquén, ambako Jumapili kuna soko la kazi za mikono. Lakini ikifika saa nane magari yanarudi na ulinzi ule wa wingi wa watu unakwisha, kwa hiyo usiwe bado uko mbali.

Mwuliza swali

Ahsanteni sana, ndugu zangu. Nimeanza kuelewa kwamba suala ni kuipanga siku kuliko kuogopa mji. Nina maswali mawili yaliyobaki. Wenyeji wa maonyesho wamesema jioni kutakuwa na mialiko ya chakula na vinywaji, na huo unga wa kulevya ndio unaoninyima usingizi. Pia kila picha ya Bogotá ninayoiona ina kanisa jeupe juu ya mlima, nami ningependa kufika.

Jibu la tatu, kutoka kwa dada wa Bukavu anayefanya kazi Bogotá

Dada yangu, unga huo upo kweli, wala si hadithi ya kutishia wageni. Ni skopolamini, hapa wanaiita *burundanga*. Kwa kawaida huwekwa kwenye kinywaji, wakati mwingine kwenye peremende au sigara, na aliyelishwa hutii anachoambiwa, hutoa namba zake za siri, kisha kesho yake hakumbuki kitu; wengine hawakuamka kabisa. Wanaolengwa zaidi ni watu waliokutana na mtu wasiyemfahamu baa au kupitia programu za kutafuta wachumba, lakini mwanamke aliye peke yake asijione yuko nje ya hesabu. Nenda kwenye mialiko ya maonyesho, maana huko ndiko biashara inakofanyika, ila kinywaji chako kifunguliwe mbele yako na kisiachwe mezani hata ukienda msalani kwa dakika moja. Ukikiacha, agiza kingine. Usipokee pipi wala kahawa kutoka kwa mtu usiyemjua, hata akiwa mama mwenye uso wa upole. Kahawa ya *tinto* inayomiminwa kutoka kwenye chupa za chai barabarani unaweza kuinunua mwenyewe, na wewe mtu wa kahawa hutakosa la kusema juu yake. Ukijisikia kizunguzungu kisicho na sababu, mwambie mhudumu wa mahali hapo au mwenyeji wa maonyesho mara moja, wala usitoke nje kutafuta hewa ukiwa peke yako.

Kanisa unalolisema ni la Monserrate, mita 3,152 juu ya usawa wa bahari. Panda kwa treni ya kamba au kwa gari la kebo, asubuhi, kabla mawingu hayajashuka, kwa kuwa Oktoba ni mwezi wa mvua na mchana mara nyingi hutaona kitu. Njia ya miguu ni ya mahujaji, na Jumapili imejaa watu wanaopanda wakisali. Siku za kazi ikiwa tupu watu wamewahi kuporwa humo, na Jumanne hufungwa. Gari liwe limekusubiri au uliite ukiwa bado ndani ya kituo cha chini, maana kipande cha barabara kati ya kituo hicho na La Candelaria kinaonekana kifupi kwenye ramani, lakini si cha kutembea peke yako.

Kuna jambo ambalo kaka zetu hawakulitaja. Kolombia ina Waafrika wake, mamilioni ya watu waliotokana na watumwa, wengi wao wa pwani ya Pasifiki na ya Karibi, na Francia Márquez, aliyechaguliwa kuwa makamu wa rais mwaka 2022, ni wa asili hiyo. Ukiwa kimya watu watakuchukulia kuwa umetoka Chocó au Buenaventura na kukusemesha Kihispania cha haraka. Hilo lina faida yake, kwa kuwa hutaonekana mtalii mara moja, lakini pia linamaanisha kwamba askari au mlinzi wa duka anaweza kukutazama kwa jicho ambalo mgeni mweupe halipati. Inaniuma kuliandika, lakini ni bora ulijue kabla. Tembea na nakala ya pasipoti, yenyewe ibaki kwenye kasha la hoteli, na kitambulisho cha maonyesho kivae ukiwa ukumbini tu; barabarani kinamtangazia kila mtu kwamba wewe ni mgeni mwenye dola.

Akikujia mtu akisema ni askari na kwamba anataka kukagua noti zako kama ni bandia, jua kwamba huo ni wizi. Usitoe pochi. Mwambie kwa adabu kwamba utakwenda naye kwenye kituo kidogo cha polisi cha mtaa, kinachoitwa CAI, na uingie duka lililo karibu. Lakini akikujia mwenye kisu, mpe. Mpe simu, mpe pochi, usimtazame usoni kwa muda mrefu, usimkimbilie. Ndiyo maana wengi wetu tunatembea na pesa kidogo za kutoa na kadi moja tu, nyingine ikiwa hotelini pamoja na namba ya benki ya kuizuia iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu simu ikienda namba zote zinakwenda nayo. Namba ya dharura ni 123. Pesa toa kwenye mashine zilizo ndani ya maduka makubwa, mchana; Gran Estación iko kwenye Calle 26 hiyohiyo, upande wa magharibi wa Corferias.

Jibu la kwanza tena

Namshukuru dada wa Bukavu, na kuhusu mabasi nakubali hoja ya ndugu kwa safari ya Corferias na Museo del Oro, mchana.

Niongeze la afya, kwa sababu linagusa usalama pia. Bogotá iko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Dada wa Moshi ataelewa nikisema ni karibu sawa na kulala kambi ya Mandara kwenye njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro. Siku ya kwanza kichwa kinaweza kuuma na pumzi ikakatika kwenye ngazi, na mtu aliyechoka hivyo huacha mkoba kwenye kiti na kusahau kuulinda. Usipange lolote la jioni siku unayofika, kunywa maji mengi, na maji ya bomba ya Bogotá yananyweka. Pombe iache mpaka mwili uzoee. Beba koti la mvua na sweta.

Kama wenyeji watawapeleka kuona mashamba ya kahawa yaliyo chini zaidi, hasa Tolima, fahamu kwamba Aprili 2025 Kolombia ilitangaza dharura ya homa ya manjano, na mkoa huo ndio ulioathirika zaidi. Kadi ya chanjo uwe nayo wakati wa kwenda na wa kurudi, kwa kuwa Tanzania huidai kwa abiria wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo. Chanjo ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kusafiri. Usipoizingatia tarehe hiyo, kadi yako inaweza kukataliwa mpakani.